Sonona: vidonge au mazungumzo? Ulinganisho kwa anayetafuta pa kuanzia hapa Tanga

Wengi wetu tunafika kwenye swali hili tukiwa tumeshachelewa. Mgonjwa amepimwa malaria mara kadhaa, ametibiwa taifodi, ametibiwa U.T.I., amekunywa dawa za vidonda vya tumbo, na bado mwili unauma, kichwa kinawaka moto na usiku halali. Mwisho anapatikana daktari mmoja anayekaa naye kwa utulivu, anamuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza, kisha anasema hii ni sonona. Hapo ndipo familia inapogawanyika. Mmoja anataka vidonge leo leo. Mwingine anaapa kwamba dawa za akili zitamfanya zezeta. Wa tatu anasema atafutwe mtu wa kuzungumza naye, na bibi anasema kisomo kwanza.

Nitaziweka njia hizi pamoja ili uone ipi inamfaa nani. Msimamo wangu nautoa mapema: kinachoamua kwanza ni uzito wa ugonjwa, halafu maisha ya mgonjwa mwenyewe, yaani kazi yake, umbali anaokaa na watu wanaomzunguka. Anachopenda au kuogopa shemeji yake kije mwisho kabisa.

Kwanza, ni sonona kweli?

Huzuni peke yake haitibiwi hospitali. Mjane aliye kwenye eda analia, chakula hakimpiti, anaamka usiku wa manane. Lakini mjukuu akimpandia magotini anatabasamu, na mashoga zake wakija kukaa naye wanazungumza habari za marehemu mpaka wanacheka pamoja. Mwenye sonona hata mjukuu hamfikii. Anamwona, anajua anampenda, lakini ndani hakuna kinachotikisika, na hilo linamuongezea hatia.

Madaktari huangalia dalili 9: moyo mzito, kukosa hamu na vitu alivyokuwa akivipenda, usingizi kuharibika, kwa kupungua au kuzidi, hamu ya chakula au uzito kubadilika, kuchoka bila kazi, kuwa mzito wa mwendo na maneno, au kutotulia, kujiona hana thamani na kujilaumu, kushindwa kufikiri au kuamua, na mawazo ya kufa. Zikiwepo 5 au zaidi, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na mojawapo ikiwa ni moyo mzito au kukosa hamu, na maisha yakawa yamevurugika, basi ni sonona. Aliyefiwa naye anaweza kuipata juu ya msiba wake.

Kuna dodoso la maswali 9 linalofuata dalili hizo hizo. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 5 hadi 9 ni sonona nyepesi, 10 hadi 14 ni ya wastani, 15 hadi 19 inaelekea ukali, na 20 kwenda juu ni kali. Muombe mtoa huduma akuambie alama zako na uziandike na tarehe kwenye daftari lako la kliniki. Namba hiyo ndiyo itakayokusaidia kuchagua, na baadaye ndiyo itakayokuonyesha kama ulichochagua kinafanya kazi.

Kabla ya kuchagua chochote, vipimo vingine vifanyike: wingi wa damu, sukari, VVU, tezi ya koo, na mimba kwa mwanamke. Upungufu wa damu na tezi iliyolegea vinaweza kumlaza mtu akaonekana ana sonona tupu. Pia mgonjwa na ndugu zake waulizwe kama aliwahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi: halali na wala hachoki, anaongea bila kituo, anatumia hela ovyo, ana mipango mikubwa isiyo na kichwa wala miguu. Kama aliwahi, msimfiche daktari. Huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine, na vidonge vya sonona vikitolewa peke yake vinaweza kumrudisha kwenye mchangamko ule.

Vidonge

Dawa mbili utakazozisikia sana ni amitriptilini na fluoksetini. Zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zinatibu ugonjwa mmoja, lakini kuishi nazo ni mambo mawili tofauti.

Amitriptilini ni ya zamani, imekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Inaleta usingizi, ndiyo maana hunywewa usiku, ikianzwa na dozi ndogo inayopandishwa taratibu. Kwa mtu aliyekesha wiki nzima akitazama dari, usingizi huo ni rehema. Lakini inakausha mdomo, inafunga choo, inaleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla, na mzee mwenye tezi dume inaweza kumzuia mkojo. Mwenye ugonjwa wa moyo asiinywe kabla daktari hajamkagua. Angalia pia kazi ya mtu. Mvuvi wa Sahare au Deep Sea anayetoka na ngalawa usiku hawezi kunywa dawa ya kumlaza kisha akakabidhiwa usukani. Dereva wa bodaboda anayewahi abiria wa alfajiri atapanda pikipiki usingizi ukiwa bado uko machoni.

Fluoksetini iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Hunywewa mara 1 kwa siku, asubuhi, kwa kawaida miligramu 20. Hailazi, na wengine huwapunguzia usingizi mwanzoni. Wiki ya kwanza huja na kichefuchefu, kuumwa kichwa na wasiwasi kidogo. Halafu kuna jambo ambalo dirishani halisemwi: inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kumchelewesha mtu kufika. Wanaume wengi wanaacha dawa kimya kimya kwa sababu hiyo, bila kumwambia daktari wala mke. Semeni. Dozi inaweza kurekebishwa au dawa ikabadilishwa, na wenye ndoa wajue kuwa ni dawa, si kupendwa kumepungua.

Kwa wanaofunga Ramadhani, fluoksetini ni rahisi zaidi kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu. Unaweza kuihamishia wakati wa daku au baada ya kufuturu, kwa kuelewana na daktari kabla mwezi haujaandama. Amitriptilini nayo ni ya usiku, lakini ule mkauko wa mdomo mchana wa saumu, kwa joto letu hili, si mdogo.

Sasa lililo kubwa kuliko yote kuhusu vidonge. Maudhi yanatangulia, nafuu inafuata. Nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4, na nguvu kamili huonekana wiki ya 6 hadi ya 8. Katikati hapo ndipo wengi wanapoachia njiani. Nimeliona kwa binti wa kaka yangu, fundi cherehani wa Ngamiani, aliyekuja kwangu ameshika kile kibahasha cha dawa kilichoandikwa 1x1, akakiweka juu ya jamvi kama mtu anayerudisha deni.

"Shangazi, hivi vinanichafua moyo. Na kulala bado silali."

"Umeanza lini, mwanangu?"

"Hata wiki haijaisha."

"Basi hujavijaribu bado. Vinywe ukishakula, mie nitakuja kila asubuhi tunywe chai pamoja."

Chai ile ilikuwa na kazi yake. Mwenye sonona kusahau na kukata tamaa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo kumwambia "usisahau dawa" na kuondoka ni kumtwika mzigo ambao ugonjwa umeshamnyang'anya mikono ya kuubebea. Anahitaji mtu.

Hofu ya uzezeta haina msingi kwa dozi sahihi. Wala dawa hizi hazileti uteja, kwamba mtu azisake kwa dozi kubwa zaidi kila kukicha. Ila ukiziacha ghafla mwili utalalamika: kizunguzungu, ndoto za kutisha, hasira za karibu. Kuacha ni kwa kupunguza polepole, chini ya daktari, na si pale unapojisikia vizuri. Hutakiwa kuendelea miezi 6 au zaidi baada ya kupona, wengi huambiwa miezi 9 hadi 12, kwa sababu ugonjwa hupenda kurudi.

Utasikia pia kwamba kemikali iitwayo serotonini imekwisha kichwani na vidonge vinaijaza. Kweli dawa hizi zinagusa serotonini, lakini kwamba sonona ni upungufu wake tu halijathibitishwa. Wala dawa ya kwanza haimfai kila mtu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, waliopona kabisa kwa dawa ya kwanza walikuwa kati ya robo na theluthi; wengine walihitaji kubadilishiwa au kuongezewa tiba. Isipokufaa ya kwanza, hujashindikana.

Tahadhari mbili kabla sijaendelea. Kijana wa chini ya miaka 25 akianza dawa hizi au akibadilishiwa dozi, aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, maana mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kwa wachache. Na anayekunywa fluoksetini asijinunulie diklofenaki au tramado duka la dawa kwa mazoea ya kutuliza maumivu: ya kwanza inaongeza hatari ya kutoka damu tumboni, ya pili inaweza kugongana nayo vibaya. Pombe na mirungi viwekwe kando.

Mazungumzo

Hapa tuelewane. Mazungumzo ninayoyasema si mawaidha. Kumwambia mgonjwa avumilie, amshukuru Mungu, aangalie wenzake wenye shida kumzidi, ni maneno ya nia njema ambayo yanamzamisha, kwa sababu anaondoka akijiona mgonjwa na tena mkosefu wa shukrani. Tiba ya mazungumzo ina utaratibu, ina mwanzo na mwisho, na anayeitoa amefundishwa.

Ziko za aina kadhaa. Moja inashughulika na fikra na matendo. Mshauri anampa mgonjwa karatasi aandike siku ya jana saa kwa saa, alifanya nini, na pembeni aweke alama 0 hadi 10 ya hali ya moyo. Binti wa kaka yangu karatasi yake ilijaa "nimelala", "nimekaa", "nimelala", sifuri, moja, sifuri. Sehemu moja tu palikuwa na 3: alipomshikia jirani mtoto akioga. Mshauri hakumhubiria. Alimuuliza tu kama kesho angeweza kumshika tena yule mtoto, saa ile ile, hata kama hajisikii. Siku iliyofuata wakaongeza kukunja kitambaa kimoja na kupiga mshono mmoja, bila kuahidi kumaliza gauni. Tiba hii haimngoji mtu apate hamu ndipo afanye. Inamfanyisha kidogo kidogo, hamu inafuata nyuma.

Nyingine inatazama mahusiano: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha kama talaka, kustaafu au kujifungua, na upweke. Hii imejaribiwa hapa jirani. Uganda, katika wilaya za Rakai na Masaka, vijiji 30 vilihusishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara 1 kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Mwishoni, waliobaki na sonona kwenye vikundi vile walikuwa asilimia 6.5, na kwa wale ambao hawakupata vikundi ilikuwa asilimia 54.7. Zimbabwe nako, daktari Dixon Chibanda alianzisha utaratibu wa akina bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kutatua nao tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lake lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573, lilionyesha nafuu kubwa. Nazitaja kwa sababu kuna watu bado wanadhani mazungumzo ni tiba ya Wazungu wenye nafasi, au ni kitu cha kumpotezea mgonjwa muda mpaka apewe dawa yenyewe.

Faida yake ya pili inaonekana baadaye. Aliyejifunza mbinu hizi hubaki nazo baada ya vikao kwisha, ilhali kinga ya vidonge huishia pale unapoviacha. Kwa kuwa takriban nusu ya walioumwa sonona mara moja huumwa tena, hilo si jambo dogo.

Udhaifu wake ni kupatikana na kufikika. Vidonge ukishatulia unaweza kuvifuata mara 1 kwa mwezi. Mazungumzo ni kila wiki, na mtu wa Pangani, Mkinga au Maramba kuja mjini kila wiki ni nauli, ni siku ya kazi, ni watoto kuachwa. Halafu Tanga tunajuana. Mgonjwa anaogopa kumkuta mshauri harusini kesho. Uliza waziwazi siku ya kwanza: haya ninayoyasema yanaishia wapi? Mshauri mzuri atakujibu bila kukasirika, pamoja na kukuambia lini atalazimika kuvunja siri, yaani maisha yako yakiwa hatarini.

Kwa kupata pa kuanzia, hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ndipo pa kuulizia huduma ya afya ya akili, na kwa walio wilayani ni hospitali ya wilaya. Waulizieni pia maafisa ustawi wa jamii. Watu huwajua kwa kesi za ndoa na matunzo ya watoto, lakini kuunganisha mgonjwa na huduma nako ni kazi yao.

Nani aanze na lipi

Mwenye sonona nyepesi asikimbilie vidonge. Mazungumzo, kutembea kila siku, kulala na kuamka saa zile zile, na kurudishwa taratibu kwenye shughuli zake vinatosha kwa kuanzia, kisha dodoso lirudiwe baada ya wiki chache.

Ya wastani, chaguo ni lako kweli. Kwa ugonjwa wa uzito huu vidonge na mazungumzo vinakaribiana kwa nguvu. Mimi ningemwelekeza kwenye mazungumzo yule ambaye shida yake ina chanzo kinachoonekana, kama ndoa iliyovunjika au biashara iliyoanguka, na anayeweza kufika kila wiki. Ningemwelekeza kwenye vidonge yule anayekaa mbali, au aliyewahi kupona kwa vidonge, au ambaye kuzungumza ya ndani mbele ya mtu asiyemjua kunamfunga mdomo kabisa.

Ikielekea ukali au ikiwa kali, anza vidonge bila kungoja, na mazungumzo yafuate pale anapoweza kufuatilia sentensi mpaka mwisho. Pamoja vinazidi nguvu ya kimoja kimoja. Kumkalisha kikaoni mtu asiyekula wala asiyejibu salamu ni kumwonea. Katika hali hii familia ikisema tuvumilie kidogo tuone, mimi siwezi kukubaliana nayo hata kidogo.

Mama anayenyonyesha ana njia yake. Sonona baada ya kujifungua ni ya kweli na inamgusa mtoto pia. Mazungumzo yapewe nafasi ya kwanza kama hali inaruhusu; dawa ikihitajika, setralini huchaguliwa mara nyingi kuliko fluoksetini kwa kuwa kidogo sana hupita kwenye maziwa. Asiambiwe achague kati ya kunyonyesha na kupona kabla daktari hajaulizwa.

Kisomo na dua sikuviweka kwenye mizani, kwa sababu havishindani na tiba. Mtume (s.a.w.) ameamrisha watu wajitibu, na masheikh wengi wa mji huu watakuambia hivyo hivyo. Mgonjwa asomewe, anywe kombe lake, aende na kanisani kama ni Mkristo, na kidonge chake kiwe pale pale. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni mganga anayeamuru dawa za hospitali ziachwe, anayempa mizizi isiyojulikana juu ya vidonge, au anayemfunga mtu kamba kwa kisingizio cha pepo.

Pale ambapo hakuna kuchagua

Mgonjwa akisema amechoka kuishi, akianza kuaga watu au kugawa vitu vyake, ulinganisho wote huu uwekwe pembeni. Muulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, humpa mlango wa kusema. Asiachwe peke yake. Sumu za panya, dawa za shambani na vidonge vyote viondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Amitriptilini ikizidishwa ni hatari sana kwa moyo, kwa hiyo kwa mgonjwa wa namna hii ndugu ndiye ashike dawa, na daktari aombwe atoe za siku chache chache.

Wiki ya 6

Hapo rudia lile dodoso. Alama zikiwa zimeshuka mpaka nusu au chini, mko kwenye njia, endeleeni. Zikiwa zimeganda, msiongeze miezi kwa matumaini tu. Kwanza ulizeni kwa upole kama vidonge vilinywewa kweli au kama vikao vilihudhuriwa. Kama ndiyo, daktari apandishe dozi, abadilishe dawa au aunganishe njia mbili. Ikishindikana bado, omba rufaa. Mkoani kwetu ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, wilaya ya Korogwe, juu kwenye milima ya Usambara, chini ya Kanisa la Kilutheri. Kitaifa ipo Mirembe, Dodoma. Mkienda huko bebeni daftari lenye alama za mwanzo, na orodha ya kila dawa aliyokwisha kunywa, dozi yake, tarehe aliyoanza na sababu ya kuiacha, maana bila hiyo daktari mpya atamwanzishia dawa ile ile iliyokwisha kushindwa.